Hatua saba za Trea Turner: kisa cha njia ya kwenda besi ya kwanza

Ilikuwa usiku wa tarehe 29 Oktoba 2019, katika uwanja wa Minute Maid Park, Houston. Mchezo wa sita wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani. Washington Nationals walikuwa wameshinda michezo miwili na Houston Astros mitatu, kwa hiyo Nationals wakipoteza huo, msimu umekwisha. Ubao ulisoma mikimbio 3 kwa 2, Nationals wakiongoza. Awamu ya saba ilipoanza, Yan Gomes wa Nationals alipiga mpira vizuri akafika besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka mkimbiaji hadi arudi nyumbani na kupata mkimbio, na nyuma yake akaingia Trea Turner, mmoja wa wachezaji wenye mbio kali kabisa katika ligi, mtu anayepiga kwa upande wa kulia.

Turner hakuupata mpira vizuri. Uligonga gongo kidogo tu, ukabiringika taratibu karibu na kilima cha mrushaji, upande wa besi ya tatu. Mrushaji wa Astros, Brad Peacock, akaufuata, akauokota, akageuka na kuutupa haraka kwa Yuli Gurriel, mlinzi wa besi ya kwanza, kwa kuwa mpira ukifika hapo kabla ya mpigaji, mpigaji ametolewa. Mpira ule ulivutwa kuelekea upande wa nje, kule ambako mkimbiaji alikuwa anafika. Gurriel akanyoosha mkono wenye glavu kuufuata. Mpira, glavu na mwili wa Turner vikakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mpira ukamgonga Turner, glavu ikachomoka mkononi mwa Gurriel, mpira ukapotea nyuma. Gomes akafika besi ya tatu, Turner akasimama ya pili. Wakimbiaji wawili, hakuna aliyetolewa, na benchi zima la Washington limesimama.

Kisha Sam Holbrook, mwamuzi wa besi ya nyumbani, akatangaza kwamba Turner ameingilia mchezo. Turner ametolewa. Gomes arudi besi ya kwanza.

Nimeitazama picha hiyo ya video mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa kasi ya kawaida na kwa kasi ya konokono, na sioni tukio jingine moja linalofundisha kanuni za njia za wakimbiaji vizuri kama hili. Msimamo wangu ni kwamba Holbrook aliisoma kanuni kama ilivyoandikwa, na Turner naye alikimbia kama mwanadamu yeyote mwenye akili timamu angekimbia. Wote wawili walikuwa sahihi. Kosa lilikaa kwenye kanuni yenyewe, na lilikuwa limekaa humo zaidi ya miaka 130.

Kwanza tuondoe mkanganyiko uliotawala mazungumzo usiku ule. Watetezi wa Turner walisema: alikimbia moja kwa moja, hakukengeuka hata kidogo, mkimbiaji anaruhusiwa futi tatu kila upande, sasa kosa liko wapi? Hoja hii inachanganya kanuni mbili tofauti ambazo kwa bahati mbaya zote zina kipimo cha futi tatu.

Kanuni ya kwanza inahusu mkimbiaji anayekwepa kuguswa. Mlinzi akiwa na mpira mkononi na akijaribu kumgusa nao, mkimbiaji haruhusiwi kukengeuka zaidi ya futi tatu kutoka kwenye njia yake ili kumkwepa. Akizidisha, ametolewa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba njia hiyo ni mstari unaounganisha besi moja na nyingine. Si kweli. Njia ya mkimbiaji huzaliwa pale pale mlinzi anapojaribu kumgusa, nayo ni mstari ulionyooka kutoka alipo mkimbiaji wakati huo hadi kwenye besi anayoikimbilia. Mkimbiaji aliyezunguka kwa upana baada ya kupita besi ya pili anaweza kuwa futi 10 mbali na mstari wa besi na bado akawa katikati kabisa ya njia yake. Mlinzi akimjia, futi tatu zinapimwa kutoka kwenye huo mstari mpya, kulia na kushoto. Kabla ya jaribio la kumgusa, njia haipo kabisa. Mkimbiaji yuko huru kukimbia popote anapotaka, hata kwa upinde mkubwa kiasi gani, mradi tu asimzuie mlinzi anayeufuata mpira uliopigwa, kwa sababu hapo mlinzi ndiye mwenye haki ya njia na mkimbiaji ndiye anayepaswa kumpisha. Na akikengeuka zaidi ya futi tatu kwa ajili ya kumpisha mlinzi wa namna hiyo, hana kosa.

Turner hakuwa anakwepa kuguswa na mtu yeyote. Kwa hiyo kanuni hiyo, yenye uhuru wote huo, haikumhusu. Iliyomhusu ni nyingine, na ni ya sehemu moja tu ya kiwanja.

Ukiangalia mstari wa faulo, yaani mpaka wa eneo halali la kuchezea, unaotoka besi ya nyumbani kwenda ya kwanza, utaona kuwa nusu yake ya mwisho ina mstari wa pili wa chokaa kando yake, upande wa nje. Kati ya besi hizi mbili kuna futi 90. Mstari huo wa pili huanzia futi ya 45 na kwenda sambamba na wa kwanza, futi tatu kutoka kwake. Kati ya mistari hiyo miwili kuna kichochoro. Kanuni ya 5.09(a)(11), kama ilivyosomeka mwaka 2019, inasema hivi kwa maneno yangu: mpigaji anayekimbilia besi ya kwanza, akiwa katika nusu ya mwisho ya safari na mpira ukiwa unatupwa huko, akikimbia nje ya kichochoro, iwe kulia kwa mstari wa chokaa au kushoto kwa mstari wa faulo, na kwa kufanya hivyo, kwa maoni ya mwamuzi, akamwingilia mlinzi anayeupokea mpira, basi ametolewa na mpira umekufa, yaani mchezo unasimama hapo hapo. Mistari yenyewe ni sehemu ya kichochoro. Miguu yote miwili inatakiwa kuwa ndani au juu ya mistari.

Katika nchi nzima ya besiboli hakuna mahali pengine penye kichochoro kama hicho. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili hakipo, ya pili kwenda ya tatu hakipo, na ya tatu kurudi nyumbani hakipo. Sababu inaeleweka ukisimama alipo mdakaji, mlinzi anayekaa nyuma ya besi ya nyumbani. Mpira umegongwa kidogo ukafa futi chache mbele ya besi ya nyumbani, mdakaji ameuokota, na anapoinua macho kutazama besi ya kwanza anaona mgongo wa mkimbiaji. Mkimbiaji akiwa juu ya mstari au ndani yake, amesimama kama ukuta kati ya mtupaji na mpokeaji. Mlinzi wa kwanza naye hauoni mpira mpaka umefika. Kichochoro kiliwekwa ili mkimbiaji apite upande mmoja na mpira upite upande mwingine. Ndiyo maana pia anayesimamia kanuni hii ni mwamuzi wa besi ya nyumbani: yeye ndiye anayeutazama mstari kwa urefu wake, kutoka nyuma, na anaona miguu inakanyaga wapi.

Sasa tumweke Turner kwenye mizani. Mpira ulikuwa unatupwa besi ya kwanza? Ndiyo. Alikuwa nje ya kichochoro? Ndiyo, na hapa video haina huruma. Kutoka futi ya 45 hadi besi ni kama hatua saba za mtu mwenye kasi, na Turner alizipiga kushoto kwa mstari, upande wa ndani. Alimwingilia Gurriel? Glavu ilichomoka mkononi. Hakukuwa na mlinzi aliyekuwa akiufuata mpira uliopigwa mbele yake, kwa hiyo kisingizio cha kumpisha mtu hakikuwepo.

Kuna mlango mmoja tu uliobaki, na ndio ambao wachambuzi wengi waliukimbilia. Kanuni inamruhusu mkimbiaji kutoka kwenye kichochoro kwa hatua, kunyoosha mguu, kunyoosha mkono au kuteleza, akiwa karibu kabisa na besi, kwa ajili tu ya kuigusa. Turner alipokutana na glavu ya Gurriel alikuwa anakanyaga besi. Je, hii haikuwa ile hatua ya mwisho inayoruhusiwa?

Hapana, na jibu liko kwenye neno moja: kutoka. Huwezi kutoka mahali ambako hujawahi kuingia. Waamuzi wa ligi kuu wameelekezwa hivyo kwa uwazi. Aliyekimbia ndani ya kichochoro kisha akatoka hatua ya mwisho ili kukanyaga besi hupewa msamaha. Aliyekimbia safari nzima upande wa ndani bila kujaribu kuingia kichochoroni hapewi, hata kama mgongano umetokea juu ya besi yenyewe. Turner alikuwa wa kundi la pili.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini fuata jambo hili hadi mwisho wake uone lilivyo gumu kumeza. Tuseme Turner angetii. Tuseme hatua sita zote angezipiga ndani ya kichochoro. Hatua ya saba ingempeleka wapi? Kwenye besi. Na besi ya kwanza iko wapi? Ndani ya mstari wa faulo, yote kabisa, hakuna hata inchi moja inayoingia kichochoroni. Mkimbiaji mtiifu na mkimbiaji asiyetii wote huishia mahali pale pale, juu ya mfuko ule ule ambao ndio besi. Mpira wa Peacock haukutoka nyuma ya mgongo wa Turner. Ulitoka upande wa kilima, ukakutana naye mwishoni kabisa. Kwa mpira huo uliovutwa nje kiasi kile, mkimbiaji mtiifu angeweza kugongana na glavu ile ile kwa namna ile ile, na mwamuzi angesema: endeleeni kucheza. Tofauti ya hukumu ingetokana na mahali alipokanyaga nusu sekunde kabla, mahali ambapo hakumzuia mtu.

Nilipofika hapo ilibidi nichukue karatasi na kalamu, kwa sababu nilitaka kujua ni mzigo kiasi gani kanuni ilimtwika mtu kama Turner. Vipimo vya kiwanja vinajulikana. Besi ya nyumbani ina upana wa inchi 17. Kisanduku cha mpigaji, mahali anaposimama kupiga, kina futi 4 kwa 6, na kimekaa inchi 6 kutoka kwenye besi hiyo. Ukipiga hesabu, katikati ya kisanduku cha anayepiga kulia ni karibu inchi 33 ndani ya mstari wa faulo wa besi ya kwanza. Katikati ya kisanduku cha anayepiga kushoto ni karibu inchi 21 nje ya mstari huo huo.

Kichochoro kina inchi 36, zote nje. Anayepiga kushoto anazaliwa tayari amesimama kwenye mstari wa kichochoro: anyooshe tu mbio zake. Anayepiga kulia anaanzia upande wa pili, futi karibu tatu ndani, na anatakiwa auvuke mstari kwenda nje kabla ya nusu ya safari, kisha auvuke tena kurudi ndani hatua ya mwisho. Akiamua kukimbia moja kwa moja hadi katikati ya besi, kama Turner, atakapofika futi ya 45 atakuwa bado kama inchi 20 ndani. Shika hiyo namba ya 20, tutairudia.

Umbali unaoongezeka kwa kuzunguka hivyo ni inchi chache tu. Ila mkimbiaji hapotezi inchi peke yake. Anatakiwa apinde mwili wakati wa kuongeza kasi, ageuze nyayo, kisha apinde tena akiwa kwenye kasi kubwa kabisa. Katika mbio za sekunde nne hivi, ambazo mara nyingi huamuliwa na upana wa kiatu, hakuna anayefanya hivyo kwa hiari. Na wengi hawafanyi. Tazama mchezo wowote wa miaka ile utaona wapigaji wa kulia wakikimbia ndani ya mstari siku nzima bila kuambiwa kitu, kwa kuwa kosa halipo mpaka mpira utupwe na mlinzi aingiliwe. Kanuni inayovunjwa na kila mtu kila siku, ikaja kuadhibiwa mara moja moja, siku zote itaonekana kama uonevu kwa yule aliyeangukiwa.

Upinde huu wa ajabu ulitoka wapi? Kichochoro kiliingia kwenye kanuni mapema miaka ya 1880. Wakati huo besi ya kwanza ilikaa juu ya mstari wa faulo, nusu ndani na nusu nje. Mkimbiaji aliyekuwa kichochoroni aliweza kunyoosha hadi kwenye ile nusu ya nje bila kupinda popote. Njia na besi vilikuwa vinaelewana. Mwaka 1887 besi ya kwanza na ya tatu zikasogezwa zote ndani ya mstari, ili kumrahisishia mwamuzi kazi ya kujua mpira uliogonga besi ni halali au ni faulo. Besi ikahama, kichochoro kikabaki kilipokuwa. Tangu mwaka huo, kila anayekimbilia besi ya kwanza amekuwa akielekezwa kwenye njia isiyofika anakokwenda.

Kwa Turner, kanuni ilisomwa kikamilifu. Mwaka 1969 haikusomwa kabisa, nayo ilikuwa World Series vilevile. Ni mchezo wa nne, New York Mets na Baltimore Orioles, awamu ya kumi, sare 1 kwa 1, Mets wana wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili na hakuna aliyetolewa. J.C. Martin aliingia kupiga, akaugonga mpira kidogo kwa makusudi ili kuwasogeza wenzake. Mrushaji Pete Richert akauokota na kuutupa besi ya kwanza, ukamgonga Martin kwenye kifundo cha mkono na kuruka pembeni. Rod Gaspar akakimbia kutoka besi ya pili hadi nyumbani, mchezo ukaisha, Mets 2, Orioles 1. Picha zilizochapishwa baadaye zilimwonyesha Martin akiwa ndani ya mstari wa faulo. Hakuna mwamuzi aliyesema neno. Siku iliyofuata Mets walikuwa mabingwa.

Kinachonisumbua kuhusu Martin ni kwamba alikuwa anapiga kushoto. Alianzia upande wa nje, kichochoro kikiwa mbele yake, na bado akajikuta ndani. Kama ningelazimika kumwadhibu mmoja kati ya hao wawili, ningemwadhibu yeye: mpira wa Richert ulimfuata kutoka nyuma, ukampata njiani, kabla hajafika kwenye besi. Huo ndio uovu hasa ambao kichochoro kiliwekwa kuuzuia.

Turudi Houston. Hoja pekee ya Nationals ambayo naiheshimu inahusu ubora wa mpira uliotupwa. Mlinzi lazima awe na nafasi ya kweli ya kuupokea mpira na kumtoa mkimbiaji. Kama mpira umetupwa ovyo, mkimbiaji hajazuia kitu ambacho kingetokea. Mpira wa Peacock haukuwa mzuri, hilo ni wazi. Ulimlazimisha Gurriel kuvuka besi kuufuata upande wa mkimbiaji. Lakini haukuwa umempita. Glavu yake ilikuwa inafika ulipo mpira pale Turner alipoigonga. Mimi ningesema mpira ulikuwa na nafasi, ingawa nafasi ndogo, na mwamuzi aliyeona kinyume nisingemlaumu. Hii ni sehemu ambayo kanuni imemwachia mtu mmoja na macho yake mawili.

Na kwa sababu ni maoni ya mwamuzi, haikuwa kati ya mambo yanayoweza kurejewa kwa video. Hapo ndipo wasiwasi wa usiku ule ulipozidi. Mchezo ulisimama zaidi ya dakika 4, waamuzi wamevaa vipokea sauti wakizungumza na ofisi za ligi New York, na watu nyumbani wakadhani uamuzi unapitiwa upya. Joe Torre, aliyekuwa msimamizi mkuu wa masuala ya uwanjani wa ligi, alieleza baadaye kwamba tukio lenyewe halikuwa la kupitiwa, na kwamba Turner alitolewa kwa kumwingilia Gurriel alipokuwa akijaribu kuupokea mpira. Maelezo hayo ni sahihi, ila yalikuja mchezo ukiwa umeshakwisha. Dakika 4 za ukimya mbele ya mamilioni ya watazamaji, bila mtu kushika kipaza sauti na kusema kanuni ipi inatumika, zilifanya uamuzi sahihi uonekane wa wizi.

Adhabu kwa Gomes nayo iliwachanganya wengi. Kwa nini arudi hadi besi ya kwanza, na alikuwa ameshafika ya tatu baada ya mpira kupotea? Mpigaji akiingilia mchezo kabla hajaifikia besi ya kwanza, mpira unakufa papo hapo, na wakimbiaji wote hurudi kwenye besi walizokuwa wakati mpira unarushwa kwa mpigaji. Kila kilichofuata kinafutwa. Gomes alikuwa ya kwanza wakati wa mrusho, basi ya kwanza ndiyo yake. Hivyo Nationals walitoka kwenye hali ya watu wawili besi ya pili na ya tatu bila aliyetolewa, wakajikuta na mtu mmoja besi ya kwanza na mmoja ameshatolewa. Ni adhabu kali, lakini ikilegezwa, mkimbiaji angekuwa na sababu nzuri ya kuvuruga mpira kwa faida ya wenzake.

Astros walimleta Will Harris kurusha. Adam Eaton akaupiga mpira hewani ukadakwa. Kisha Anthony Rendon akaupeleka nje ya uwanja, mikimbio miwili, 5 kwa 2. Dave Martinez, meneja wa Nationals, alikuwa bado hajatulia: wakati wa mapumziko kati ya nusu mbili za awamu hiyo alitoka tena kumkabili Holbrook, akizuiwa na wasaidizi wake, akafukuzwa uwanjani. Hakuna meneja aliyekuwa amefukuzwa katika World Series tangu Bobby Cox mwaka 1996. Timu yake ilishinda 7 kwa 2, na kesho yake ikashinda mchezo wa saba 6 kwa 2 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza.

Ushindi ule ungeweza kulizika jambo hili, na kwa miaka michache ulionekana umelizika. Kisha Desemba 2023 ligi kuu ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2024 kichochoro kinapanuliwa kuelekea ndani. Mkimbiaji sasa anaruhusiwa kutumia pia ukanda wa udongo ulio kati ya mstari wa faulo na nyasi za ndani. Viwanja vikatakiwa viwe na ukanda huo wenye upana wa inchi 18 hadi 24, na vichache ambavyo vigumu kurekebishwa haraka vikapewa muda.

Sasa irudie ile namba. Anayepiga kulia, akikimbia moja kwa moja kutoka katikati ya kisanduku chake hadi katikati ya besi, yuko kama inchi 20 ndani ya mstari anapofika nusu ya safari, na kutoka hapo anazidi kuukaribia mstari. Ukanda wa inchi 18 hadi 24 umemkaa kama kiatu alichopimiwa. Kwa mara ya kwanza tangu kichochoro kiwekwe, mstari ulionyooka wa mpigaji wa kulia ni karibu wote njia halali.

Kwa kanuni hii mpya, Holbrook angelitazama tukio lile lile akiwa na swali jingine. Asingeuliza kama Turner yuko nje ya mstari wa faulo. Angeuliza kama kiatu chake kimekanyaga nyasi. Kama miguu ilibaki kwenye udongo, mgongano ule juu ya besi ni ajali ya mchezo, Gomes anabaki ya tatu, Turner anabaki ya pili, na kosa ni la mpira wa Peacock. Kama aliingia kwenye nyasi, hukumu ni ile ile ya 2019, na safari hii asingekuwa na malalamiko ya haki, kwa sababu anayekimbilia kwenye nyasi ameacha mstari wake mwenyewe ili ajiweke mbele ya mpira.

Kinachobaki bila dawa ni sentimita zile za mwisho, pale mkimbiaji na mlinzi wanapokanyaga mfuko mmoja wakati mmoja. Kuanzia 2023 ligi kuu imeukuza mfuko kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, na miguu miwili imepata nafasi zaidi kidogo. Kwenye softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, sehemu nyingi zimekwenda mbali zaidi: besi ya kwanza ina mifuko miwili iliyoshikana, mweupe ndani ya mstari kwa mlinzi na wa rangi nje ya mstari kwa mkimbiaji. Huko kichochoro kinaishia kwenye besi, kama kilivyokuwa kabla ya 1887.